Kichwa Kilichozikwa Chunyu

Wewe uligeuza uso. Usijitetee. Siku ile Dominiko Mtauka alipoburutwa kutoka kwenye lori la polisi kuingizwa boma la Nachingwea, shati limechanika, kiatu kimoja mguuni, ulikuwa pale sokoni. Ukajifanya unachagua mihogo. Ukaugeuzageuza mhogo mmoja kana kwamba tangu uzaliwe hujawahi kuona mhogo. Ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, na mpaka leo ukiulizwa unasema hukumfahamu yule mtu. Ulimfahamu. Kitanda unacholalia alikichonga yeye, na mlango unaoufunga kwa komeo kila jua likizama aliuninginiza yeye. Uliogopa, sawa. Kila mtu aliogopa. Lakini woga wako ulikuwa kamba, na kamba hiyo ilikuwa inasokotwa kwa ajili ya shingo ya mtu mwingine.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Kati ya Nachingwea na Ruangwa hakuna aliyetembea peke yake. Wanawake walikwenda mtoni kwa makundi, wanaume waliingia mashambani na mapanga wasiyoyahitaji. Ilisemekana chinjachinja wameingia na matrekta ya Wazungu, wananyonya damu za watu na kuzipeleka pwani kwenye mapipa. Kisha Kaimu, kibarua wa kung'oa visiki, kijana wa Chunyu, akatoweka. Haukupita muda, mwanamke mmoja wa Chiola akakiona kichwa porini. Kikazikwa. Dominiko akakamatwa, kwa kuwa gunia lililokuwa na kichwa lilikuwa lake na shati lake lilikuwa na madoa mekundu. Siku chache baadaye, asubuhi, lori lilikuwa limpeleke Lindi, mbele ya jaji anayehukumu kesi za kunyongwa.

Siku moja kabla ya lori hilo, Sajini Bashiri Chinguile aliletwa kutoka Lindi kufunga kazi tu. Mmwera wa Ruangwa, mrefu, mkimya, kachero aliyezoea wezi wa baiskeli. Bwana mkubwa wa polisi alimwambia maneno machache: chukua maelezo ya mwisho, usichokonoe, watu watulie.

Bashiri alichokonoa.

Alianza na lile shati. Alilitandaza juani nyuma ya kituo akaliangalia muda mrefu. Damu ikikaa hugeuka kahawia, kama kutu. Madoa haya yalikuwa bado mekundu, yanang'aa. Alichovya kitambaa kwenye petroli ya landrova, akasugua. Wekundu ukahamia kwenye kitambaa, ukatoa harufu aliyoifahamu kila mtu Nachingwea. Rangi ya matrekta.

Aliingia mahabusu na kitambaa mkononi.

"Dominiko, hii si damu."

Dominiko alikuwa amekaa kwenye sakafu, magoti kifuani. Mmakonde wa upande wa Newala, Mkristo, amekuja na mke na watoto kufuata kazi za mbao.

"Hakuna aliyeniuliza kama ni damu," alijibu.

"Sasa mimi nakuuliza. Ulikuwa unafanya nini pori la Chiola?"

"Kazi."

"Kazi gani ya kufichwa porini?"

Nje, mke wa askari wa zamu alikuwa anatwanga. Dominiko alisikiliza mchi ukipiga, akatikisa kichwa.

"Afande, wewe ni Mmwera. Umeingia jando la kwenu, hukuingia letu. Kuna kitu hakisemwi penye masikio ya mwanamke."

Bashiri alimtazama kucha. Chini ya kucha mlikuwa na nta ya nyuki na chokaa nyeupe. Akaelewa nusu. Aliwahi kuona ngoma ya Wamakonde, yule mchezaji anayetoka porini amevaa kichwa kizima cha mti, chenye nywele na meno, wanaita lipiko. Wanawake na wasiopita jandoni huambiwa ni mfu amefufuka. Pahala pa kuchongea pamefichwa, na anayepataja hadharani, wenzake humtenga mpaka kaburini.

"Ulikuwa mnapochongea," Bashiri alisema kwa sauti ya chini.

"Sijasema."

"Kilikuwa kichwa cha mti."

"Sijasema, afande. Nikisema, padri ananifukuza kanisani kwa sababu ya lipiko, na wenzangu wananifukuza kwa sababu ya mdomo. Watoto wangu watazikwa na nani?"

"Na ukinyongwa?"

Dominiko aliikusanya mikono. Akaibana chini ya mapaja.

"Wewe ndiye kachero," alisema. "Kitafute. Mimi siwezi kukuonyesha."

Bashiri aliondoka na Konstebo Seleman, dereva wake, mtu mnene asiyenyamaza. Walipofika Chiola watoto waliiona landrova wakakimbilia majumbani, na milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Jembe lilibaki limesimama shambani peke yake.

"Tazama, afande," Seleman alisema. "Leo sisi ndio chinjachinja. Mama yangu akijua atanikana."

Aliyekiona kichwa aliitwa Hajira. Alikubali kusema akiwa ndani, wao wakiwa nje, mlango umeachwa wazi kiasi cha mkono kupita.

"Nilifuata uyoga. Nikaona gunia kwenye shina la mti. Nikasema, mtu kasahau mahindi yake. Nikafungua." Alivuta mlango kidogo. "Baba, yale macho yaliniangalia."

"Yalikuwaje?"

"Yanang'aa. Maji maji. Mdomo wazi, meno yanaonekana, shingo imekatwa na damu imejaa. Mweusi kama amepakwa masizi. Na nywele zimemwangukia usoni, hivi."

"Nywele ndefu?"

"Za kushika mkononi."

"Inzi je?"

Hajira alifikiri. "Hapakuwa na inzi."

"Harufu?"

"Hapana. Mchwa tu, walishaanza kupanda gunia na udongo wao."

"Na fisi hawakugusa."

"Hawakugusa. Mume wangu ndiye aliyebeba mpaka Chunyu, anasema kilikuwa chepesi kama kibuyu." Sauti ya mwanamke ilishuka. "Ndipo tukajua ni chinjachinja. Wamekausha. Fisi atakula nini na inzi atafuata nini kwenye kitu kilichonyonywa damu yote?"

Seleman, aliyekuwa akitafuna karanga, aliacha. Bashiri alisimama palepale, jua linamchoma shingo. Nyama isiyooza. Kichwa chepesi. Mchwa. Kila alama iliyopiga kelele kwamba huu ni mti, watu waliichukua wakaifanya ushahidi wa chinjachinja. Utambishia vipi mtu ambaye kila unachomwonyesha kinampa haki?

Rangi ya matrekta ilikuwa inatoka karakana moja tu, nao mkebe wake ulikuwa na bwana mmoja. Alikuwa Mtaliano, Ettore, ambaye mafundi walimwita Bwana Etori. Aliletwa nchi hii mara ya kwanza akiwa mateka wa vita, akarudishwa kwao, akaja tena kwa hiari kutengeneza injini. Bashiri alimkuta chini ya trekta lisilohitaji kutengenezwa.

"Toka, Bwana Etori. Ni polisi."

"Polisi kweli? Hapana watu na panga?"

"Polisi kweli."

Alitoka kwa mgongo, uso umejaa grisi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ile kichwa yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Mimi nakwenda kwa bwana mkubwa. Mimi nasema, ile hapana mtu, ile mti, ile Mtakatifu Yohana. Yeye nacheka. Nasema, Mtaliano, nenda kunywa maji, lala."

Basi hakikuwa lipiko, ila Dominiko alikitengenezea pale pale pasipotajwa. "Kwa nini ulimpa Dominiko?"

"Jua ya hapa napasua. Shavu nafunguka, hivi. Dominiko iko mkono mzuri. Mimi napa yeye rangi, yeye natafuta nta."

Bashiri aliketi juu ya tairi. "Nieleze kilivyotengenezwa. Chote. Nataka kujua nitakachokikuta ardhini."

Etori alijifuta mikono, akaeleza, na kadiri alivyoeleza Kiswahili chake kilinyooka kidogo, kama mtu anayesoma sala aliyofundishwa utotoni.

Kichwa kilichongwa Genova, zaidi ya miaka mia mbili na hamsini nyuma, na mtu aliyeitwa Bartolomeo Ravasca. Baba yake alichonga sanamu za kuwekwa mbele ya meli, na Bartolomeo alikulia kwenye vumbi la mbao bandarini. Kaka yake mkubwa, Tomaso, alikuwa mbeba mizigo. Siku moja mtumishi wa tajiri mmoja hakuonekana. Watu walikuwa wamemsikia Tomaso akigombana naye. Mji ulikuwa umetishika kwa tauni na wezi, mabwana wakataka watu watulie. Tomaso alikatwa kichwa uwanjani.

Bartolomeo alimwomba mkata shingo kile kichwa, akakiosha mwenyewe. Vidole vyake vikajua jinsi taya linavyolegea, ulimi unavyokaa, kope zinavyogoma kufunga. Mwaka uliofuata, yule mtumishi akashuka melini, mzima, amenenepa. Alikuwa amemtoroka bwana wake.

Baadaye chama cha waungwana wa kanisa kikamtaka Bartolomeo awachongee kichwa cha Yohana Mbatizaji kwenye sinia. Akachukua mti laini wa kwao, akaupasua toka sikio hadi sikio, akauchimba ndani mpaka ukabaki unene wa kidole, usije ukapasuka. Macho ya kioo aliyapachika kwa ndani, na nta. Akaunga vipande viwili kwa gundi na kitambaa, akapaka chokaa, akapaka rangi ya nyama, akabandika nywele za mtu. Shingo akaimwagia utomvu mwekundu usiokauka kwa macho. Uso ulikuwa wa Tomaso.

"Na wale waliomhukumu," Bashiri aliuliza, "walikuwa kwenye hicho chama?"

"Wote. Kila mwaka nabeba yeye begani, natembeza mji mzima. Napiga magoti. Hapana moja najua yeye. Hapana moja natazama sawasawa."

Bartolomeo alipata kazi nyingi baada ya hapo, mashahidi wa imani wa kila namna, na wote aliwapa mdomo ule ule ulio wazi. Alikufa mapafu yamejaa vumbi. Moshi wa mishumaa ukamfanya Yohana wake kuwa mweusi mwaka hadi mwaka. Vita ilipobomoa kanisa, Etori aliyerudi kutoka kifungoni akamkuta kwenye kifusi, akamtia kwenye sanduku la spana.

"Mdudu ya kwetu nakula yeye zamani," Etori alisema. "Ndani iko matundu kama mkate. Sasa yeye iko chini, na mchwa ya hapa..."

Hakumaliza. Bashiri alikuwa amekwisha kusimama. Kilichokuwa kinaweza kumwokoa Dominiko kilikuwa kinaliwa.

Njia ya Chunyu ilikuwa mbovu na Seleman alishika usukani kwa mikono miwili. Walipokaribia waliona vijana wamekaa kando ya njia, mapanga magotini. Hakuna aliyesalimu. Mmoja alisimama akawafuata kwa miguu nyuma ya gari, pole pole, kisha wengine.

"Afande, injini nisizime?"

"Usizime."

Mwalimu Mchopa, mwalimu wa madrasa na msimamizi wa maziko pale kijijini, aliwapokea uani kwake. Mzee safi, kanzu imepigwa pasi, vidole havitulii.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuhani?"

"Nimekuja kuuliza. Marehemu aliletwa kwenye gunia. Nani aliyemwosha?"

"Hakuoshwa. Aliyeuawa kwa dhuluma ni shahidi. Shahidi haoshwi, anakwenda na damu yake."

"Aliyekufa vitani, mwalimu. Na mimi nilisoma chuo, hapo hapo Ruangwa."

Mzee alikaza macho. "Na hii si vita?"

"Nani alifungua gunia?"

Watu walikuwa wamejaa uani, na waliokuwa nyuma walisukuma ili wasikie.

"Nani alimtazama Kaimu usoni, akasema huyu ni Kaimu?"

"Walioleta walitwambia," mwalimu alisema.

"Walioleta hawakumjua Kaimu. Ninyi mliomjua hamkumtazama."

"Ungetazama wewe?" sauti ilitoka nyuma. "Mwenye buti za serikali, ungetazama?"

Bashiri aligeuka, akamtafuta mke wa Kaimu. Zuena alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba ya pili, kaniki imemfunika, yuko eda.

"Dada, nisamehe. Mumeo alikuwa na nywele ndefu?"

"Kaimu?" Alishangaa hata akasahau kushusha sauti. "Nilimnyoa mwenyewe kila Ijumaa. Upara. Alikuwa hataki hata kivuli cha unywele, anasema zinamwasha chini ya mizigo."

"Aliyefungua gunia Chiola aliona nywele za kushika mkononi."

Zuena alisimama. Shemeji yake akamwambia kaa. Hakukaa.

"Waliniambia mwanamke hatazami," alisema. "Niliomba nimwone, wakaniambia hatazami."

"Dada, mimi nadhani hukumzika mumeo. Nadhani mlizika kichwa cha mti, sanamu la kanisani la Mtaliano wa karakana. Nataka kuchimba."

Panga moja lilikwaruza ardhi lilipoinuliwa. Seleman alipiga honi bila kukusudia, na umati mzima ukaruka. Hapo Bashiri aliona kitu kilichomtisha kuliko mapanga: wale watu walikuwa wanatetemeka. Mtu mwenye hasira utazungumza naye. Mtu anayetetemeka na panga mkononi hujui litashukia wapi.

"Anayegusa kaburi hatoki Chunyu," kijana mmoja alisema.

Zuena alimpita. Alimpita shemeji, akampita mwalimu, akachukua jembe lililoegemea banda la kuku. Kaburi lilikuwa nyuma ya mikorosho, dogo kama la mtoto. Akaanza yeye. Hakuna mwanamume aliyethubutu kumkamata mjane mkono, na hakuna aliyemsaidia, ila Bashiri, aliyepiga magoti akazoa udongo kwa viganja.

Gunia halikuwepo tena. Palikuwa na vichuguu vyembamba vya udongo mwekundu na chungu ya mchwa weupe wanaokimbia mwanga. Zuena aliingiza mikono. Akakiinua.

Walikiona. Walikuwa wamesogea wote, huwezi kuwazuia watu kusogea, na wote wakakiona: uso mweusi, mdomo wazi, shavu moja limekwisha kuliwa, na ndani yake hakuna mfupa, hakuna ubongo, ni ganda tu la mti limetobolewa kama mkate. Zuena aligonga kwa kifundo cha kidole. Likalia, ko, ko, kama mlango wa mtu.

Kisha likavunjika. Taya lilianguka, paji la uso likamwagika vumbi mikononi mwake, na vumbi lilipotulia hapakubaki kitu ila nywele kidogo, chenga za rangi, na macho mawili ya kioo yanayoangalia mikorosho.

Zuena alicheka au alilia, haikujulikana. "Si yeye," alisema. "Si yeye. Basi yuko wapi?"

Mwalimu Mchopa alikuwa amekaa chini, kanzu yake nyeupe udongoni.

"Nimelisalia sanamu," alisema. "Nimewasimamisha watu safu tatu, nikalisalia sanamu la kanisani."

"Uliogopa, mwalimu," Bashiri alisema. "Sasa kuna mtu atanyongwa. Macho haya peke yake bwana mkubwa ataniambia ni gololi. Mtaliano alipomweleza, alimcheka. Nataka watu watakaosema mbele ya jaji: tulizika mti, tumeufukua, tumeuona."

"Twende Lindi tukajitangaze kwamba tulimwombea mti rehema?" Mzee alitazama watu wake. Alikuwa na hofu mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza. "Rudishieni udongo. Hakuna aliyeona kitu."

Na watu wale, waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya kaburi lile, wakaanza kurudi nyuma. Mmoja alikumbuka mbuzi wake. Mwingine alisema ana mgonjwa. Mapanga yalishuka, yakawa tena vifaa vya kukatia nyasi.

Zuena alifunga macho ya kioo kwenye pindo la kaniki. Eda ilikuwa imekatika, hakuwa mjane tena, alikuwa mke wa mtu aliyepotea. Akatembea mpaka kwenye landrova, akapanda nyuma, akakaa juu ya tairi la akiba na mikono yake yenye udongo.

"Mwanamke mmoja," Seleman alimnong'oneza Bashiri. "Watamwambia amechanganyikiwa kwa kufiwa."

Bashiri alijua. Alisimama kando ya mlango wa nyuma, ameushika wazi, akiwatazama watu wa Chunyu mmoja mmoja, na wewe ukiwa miongoni mwao. Ndiyo, wewe wa sokoni, ulikwenda kuhani, ulikuwa nyuma ya mkorosho wa pili. Ulisikia ko, ko. Uliona vumbi.

Rudi pale, siku ile ile: Lindi ni mbali na jua linashuka. Dominiko anafungwa pingu alfajiri, na jaji hatamsubiri mtu anayetafuta mbuzi. Seleman hajazima injini. Nafasi zipo, na mlango umeshikwa. Tupa hilo jani unalolichezea mkononi. Toka nyuma ya mti. Panda gari, na ukifika mbele ya jaji taja jina lako na la baba yako, kisha useme: ulikuwa mti, niliuona ukivunjika. Panda sasa hivi.